Mshipi Kidoleni

Wewe uliye nyumbani ukisubiri chakula cha usiku, wewe uliyekwama kwenye foleni ya Mwenge kuelekea Tegeta, wewe uliye dukani Mtongani na redio umeiweka juu ya friji, nakusalimu. Na ninyi wa Kunduchi Pwani, majirani zangu, ambao saa hizi mnaweka sawa nyavu na taa kwa ajili ya usiku, kwenu salamu ya pekee. Mazungumzo ya leo nimeyaokota huko huko kwenu, mchangani, ingawa yatatupeleka California, China na Uholanzi kabla hayajaturudisha nyumbani.

Leo nazungumzia chipu za kompyuta. Chipu ni kile kipande kidogo cha silikoni, chembamba kuliko ukucha, kilichomo ndani ya simu yako, ndani ya redio hii, ndani ya mita ya umeme ukutani. Kazi yake ni kupiga hesabu. Sasa zipo chipu za aina nyingine, zinazobuniwa kwa kufuata namna ubongo unavyofanya kazi, na makampuni na vyuo vikuu kadhaa duniani wamo kwenye mbio za kuzitengeneza. Mbio hizo zinazidi kupamba moto. Swali langu la jioni hii ni moja, na nitalirudia ili tusipoteane njiani: katika mbio hizi, mshindi anapimwa kwa kitu gani? Na kipimo hicho kinatuhusu nini sisi wa Kunduchi?

Tuanzie mchangani.

Jumamosi iliyopita alfajiri nilikwenda sokoni kutafuta samaki aina ya changu. Vyombo vilikuwa vinaingia, madalali wameshaanza kupaza sauti, kina mama wa kukaanga wamejipanga na ndoo zao. Nikakaa kwenye ubavu wa ngalawa iliyopandishwa juu, karibu na mzee mmoja aliyekuwa akikunja mshipi wake kwenye kibao. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Macho yangu yakaenda kwenye kidole chake cha shahada. Pale kwenye pingili ya kwanza pana mfereji, alama ya mshipi wa miaka mingi, na ngozi ya mahali hapo imekuwa ngumu, inang'aa kama kwato.

Nikamuuliza, "Mzee, usiku kucha gizani, unajuaje kwamba samaki amekula?"

Akanitazama kama anayenihurumia. "Mwanangu, mimi sijui. Kinachojua ni kidole. Mimi naweza kuwa nasinzia, au napiga soga na mwenzangu, au nakumba maji ya ngalawa. Samaki akigusa, kidole kinaniamsha."

"Na wimbi je? Mkondo je? Si navyo vinavuta mshipi?"

"Vinavuta. Lakini kidole kimeshavizoea. Hakiniamshi kwa ajili ya wimbi."

Msikilizaji, naomba uyashike maneno hayo ya mzee. Kidole hakimwamshi kwa ajili ya wimbi. Ukiyashika hayo, umeshaielewa nusu ya elimu hii ya chipu zinazoiga ubongo, na hujapoteza hata dakika moja darasani.

Kompyuta ya kawaida haina kidole cha namna hiyo. Ndani yake mna saa inayogonga mabilioni ya mara kwa sekunde moja, na kila ikigonga kuna kazi inafanyika, liwepo jipya lisiwepo. Chukua kamera ya ulinzi pale getini kwa jirani yako. Inapiga picha 25 au 30 kila sekunde, usiku mzima. Ukuta ule ule, geti lile lile, paka yule yule amelala. Kila picha inachukuliwa, inapimwa, inahifadhiwa. Ni sawa na mvuvi anayepandisha mshipi wake juu kila sekunde kuangalia kama ndoana ina kitu, anaushusha, anaupandisha tena. Mvuvi huyo atafika asubuhi amechoka hoi, mikono imechubuka. Kompyuta haichubuki mikono. Inachokula ni umeme.

Hiyo ni tofauti ya kwanza. Iko ya pili, nayo nitaieleza kwa seremala.

Fikiria seremala mwenye karakana hapa Mtongani, lakini mbao zake, misumari yake na gundi yake vyote viko stoo, Keko. Kila akihitaji msumari, anamtuma kijana kwa bodaboda. Msumari mmoja, Keko na kurudi. Kipande cha mbao, Keko na kurudi. Akitaka kurudisha kilichobaki, Keko tena. Kiti kitatengenezwa, sikatai, lakini hesabu ya mafuta ya bodaboda itazidi bei ya kiti. Ndivyo kompyuta zetu zilivyo. Mahali pa kupigia hesabu ni pengine na mahali pa kutunzia kumbukumbu ni pengine, na habari zinasafiri kwenda na kurudi bila kupumzika. Muundo huu ni wa tangu miaka ya 1940, na unatajwa kwa jina la mwanahisabati John von Neumann. Umetutumikia vizuri sana. Ila sehemu kubwa ya umeme wake inaishia barabarani, kwenye hiyo bodaboda.

Ubongo haujajengwa hivyo. Ndani ya kichwa chako mna seli za neva zipatazo bilioni 86, na kila moja imeungana na nyingine maelfu. Kumbukumbu yako imekaa kwenye viungio hivyo hivyo vinavyofanya kazi ya kufikiri. Hakuna Mtongani na Keko. Na kila seli hunyamaza hadi ipate msukumo wa kutosha kutoka kwa wenzake, ndipo inatoa mshtuko mmoja mfupi, kisha inanyamaza tena. Kama kidole cha mzee. Na kazi yote hiyo, ya kunisikiliza mimi, kukumbuka sura ya mama yako, kukuweka wima usianguke, kupima kama wali umeiva kwa harufu tu, inatumia takriban wati 20. Balbu ndogo ya barazani.

Watu wa sayansi walipolitazama hilo, wakaona wivu. Ndio chanzo cha mbio zote ninazozisimulia.

Sitakuchosha na historia ndefu. Mtu anayetajwa kuwa baba wa fani hii ni Carver Mead, wa taasisi ya Caltech kule California, ambaye katika miaka ya 1980 alianza kujenga saketi zinazofanya mambo kama seli za neva. Mwanafunzi wake, Misha Mahowald, alitengeneza jicho la silikoni, chipu inayoona kwa namna retina ya jicho inavyoona, inayoshughulika na kinachobadilika na kuacha kisichobadilika. Mwaka 1991 wawili hao waliandika juu ya jicho hilo katika jarida la Scientific American. Mahowald alifariki angali kijana. Leo kamera zinazouzwa kwa wazo hilo, kamera ambazo kila kitone chake hukaa kimya hadi kitu kisogee mbele yake, zinatengenezwa na kampuni kama Prophesee ya Paris.

Lakini ninayetaka kukaa naye kidogo ni mwanafunzi mwingine wa Mead. Huyu ni Mwafrika mwenzetu, Kwabena Boahen, aliyezaliwa Accra, Ghana, mwaka 1964. Baba yake ni Albert Adu Boahen, yule mwanahistoria aliyehariri juzuu ya saba ya historia kubwa ya Afrika iliyosimamiwa na UNESCO. Kijana alisoma Mfantsipim, shule ya siku nyingi mjini Cape Coast, na akiwa bado mwanafunzi alibuni mashine ya kupanda mahindi, ikashinda mashindano ya taifa ya sayansi. Mashine ya kupanda mahindi, msikilizaji. Hakuanza na maroboti, alianza na shida aliyoiona shambani.

Boahen amesimulia kwamba alipopata kompyuta yake ya kwanza na kujifunza jinsi inavyofanya kazi ndani, hakuridhika. Akaona ni nguvu nyingi mno kwa kazi ile, na lazima iwepo njia nadhifu zaidi. Akaifuata njia hiyo hadi kwa Mead, kisha hadi Chuo Kikuu cha Stanford, ambako yeye na wenzake walijenga ubao wa saketi unaoitwa Neurogrid. Una chipu 16, unaiga seli za ubongo milioni moja, na umeme unaokula ni kama wa kishikwambi. Unavikumbuka vishikwambi vya makarani wa sensa ya 2022? Kiasi kile kile cha umeme. Mimi nikimtaja Boahen huwa najisikia vizuri moyoni, na sioni sababu ya kuficha. Wazo la kwamba kompyuta isiwe na papara ya kula umeme lilimwingia mtu aliyekulia mahali ambapo umeme ni kitu cha kuhesabiwa.

Sasa tuziangalie mbio zenyewe.

Mwaka 2014 IBM walitoa chipu iitwayo TrueNorth, yenye seli za kuigiza milioni moja, ikitumia umeme mdogo sana, sehemu ya kumi ya wati moja haifiki. Mwaka 2017 Intel wakaja na Loihi, na mwaka 2021 wakaleta Loihi ya pili. Mwaka 2024 wakazikusanya chipu 1,152 za Loihi ya pili ndani ya sanduku moja lenye ukubwa wa oveni ya maikrowevu, wakaliita Hala Point, wakalipeleka maabara ya taifa ya Sandia, Marekani. Ndani mna seli za kuigiza bilioni moja na zaidi. Wao wenyewe walilinganisha na ubongo wa bundi. China hawakukaa kimya. Chuo Kikuu cha Zhejiang mwaka 2025 kilitangaza mashine yake yenye seli zaidi ya bilioni mbili, na wakalinganisha na ubongo wa nyani. Uingereza, Chuo Kikuu cha Manchester kina mashine iitwayo SpiNNaker, iliyofikisha prosesa ndogo ndogo milioni moja mwaka 2018, chini ya profesa Steve Furber. Huyu Furber usimchukulie kama mtu wa mbali. Yeye na Sophie Wilson ndio waliobuni prosesa ya kwanza ya ukoo wa ARM katika miaka ya 1980, na simu iliyo mfukoni mwako, iwe ya bei kubwa au ile ya kitochi, karibu hakika inatumia prosesa ya ukoo huo.

Unasikia jinsi wanavyojitangaza? Milioni. Bilioni. Bundi. Nyani. Kila anayefuata anataja idadi kubwa kuliko aliyetangulia. Na hapa ndipo narudia lile swali langu: mshindi anapimwa kwa nini?

Mimi naona kipimo hiki cha idadi ya seli kinapotosha. Ni kama kusimama pwani Kunduchi ukahesabu ngalawa zilizofungwa nangani, ukasema leo samaki watakuwa wengi. Ngalawa hazivui. Wapo watu wanaojenga chipu ndogo sana, zisizotangazwa kwa bilioni, kazi yake kukaa ndani ya kifaa kidogo chenye betri na kusikiliza au kutazama jambo moja tu kwa miezi. BrainChip ya Australia wanauza ya kwao, inaitwa Akida. Innatera, waliotokea Delft, Uholanzi, wana Pulsar. SynSense, waliotokea Zurich, wana za kwao. Kwa mtu wa Kunduchi, mbio zenye maana ni hizi za wadogo, kwa sababu zinashindanisha kitu kinachotuuma. Umeme.

Ngoja nikuonyeshe ukubwa wa jambo hili la umeme. Unajua Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, jinsi tulivyolisubiri. Uwezo wake ni megawati 2,115, kwa ajili ya taifa zima, viwanda, hospitali, treni na majiko. Mwezi wa Septemba 2024, kule Pennsylvania, Marekani, ilitangazwa kwamba kinu cha nyuklia cha Three Mile Island kitafufuliwa ili umeme wake, megawati 835, uuzwe kwa kampuni moja, Microsoft, kwa miaka 20. Kampuni moja, kwa ajili ya kompyuta zake. Ni zaidi ya theluthi ya bwawa letu lote. Wenye fedha zao wanaweza kufanya hivyo. Sisi ambao tokeni za LUKU tunazinunua kwa elfu tano tano, hatuwezi kungojea akili ya namna hiyo ije itusaidie. Inayotufaa ni ile inayoweza kuishi kwa sola ndogo na betri.

Na nisikudanganye, mbio hizi hazijafika mwisho. Kazi kubwa za akili bandia unazozisikia kila siku, za kujibu maswali na kuchora picha, bado zinafanywa na chipu za mtindo mwingine, zenye nguvu na njaa kubwa. Hizi zinazoiga ubongo ni ngumu kuzifundisha, na mafundi wanaozijua ni wachache. Nakueleza haya usije ukaenda Kariakoo kesho kuulizia.

Sasa nirudi baharini, maana nilikuahidi kwamba tutarudi.

Ukisimama pale pwani yetu ukatazama mbele, unakiona kisiwa cha Mbudya. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo ya hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Na ninyi wenyeji mnajua vizuri kuliko mimi kilichoyatesa matumbawe ya upande huu: baruti. Uvuvi wa mabomu. Mlipuko mmoja, samaki wanaelea, wachache wanaokotwa, wengi wanazama, na matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua yanabaki kifusi.

Mwaka 2015, watafiti wakiongozwa na Gill Braulik walifanya jambo ambalo mimi nikilifikiria bado napata msisimko. Walisafiri kwa chombo katika pwani yote ya Tanzania, mpaka wa Kenya hadi mpaka wa Msumbiji, wakikokota nyuma yao maikrofoni ya chini ya maji. Kwa mwezi mmoja wa safari walinasa milipuko zaidi ya 300. Na zaidi ya nusu ya milipuko hiyo ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Mlangoni kwetu. Baadaye Serikali ilibana kweli kweli, na milipuko ikapungua sana. Lakini sikiliza kazi ile ilivyofanyika. Maikrofoni ilirekodi bila kukoma. Mawimbi, injini, kimya, mawimbi tena, saa baada ya saa. Kisha watu na programu za kompyuta wakakaa kuchambua sauti hizo zote, kutafuta milipuko ndani yake. Kwa utafiti, hiyo ni kazi nzuri na imetupa ushahidi ambao hatukuwa nao. Kwa ulinzi, haitoshi. Ukiusikia mlipuko kwenye rekodi, samaki wameshauzwa na aliyelipua yuko kwake amelala.

Umeona tatizo lilipo? Ni mvuvi anayepandisha mshipi kila sekunde. Kinachokosekana pale majini ni kidole.

Basi fikiria boya dogo nje ya Mbudya. Juu yake kipande cha sola kama kitabu, chini yake maikrofoni, ndani yake chipu inayosinzia. Wimbi likipiga, inaendelea kusinzia. Boti ya watalii ikipita, inaendelea kusinzia. Baruti ikilipuka, inaamka, inatuma ujumbe mmoja mfupi kwa doria, mlipuko umetokea saa fulani upande fulani, kisha inarudi kulala. Haihitaji kutuma sauti za usiku mzima kwa intaneti tusiyokuwa nayo baharini. Haihitaji betri ya lori. Boya hilo mimi sijaliona popote, nasema fikiria. Lakini sehemu zake zote zipo, na hizi chipu ndogo zinazoshindaniwa sasa ndizo zinazolisogeza karibu.

Na si baharini tu. Watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara pamoja na wa Chuo Kikuu cha Oxford wamekuwa na mradi unaoitwa HumBug, unaotumia simu za bei nafuu kunasa mlio wa mbu karibu na chandarua, kwa sababu mabawa ya kila aina ya mbu yana mlio wake, na anayeleta malaria anaweza kutambuliwa kwa sauti. Wakulima wa muhogo wa nchi hii baadhi yao wanaijua programu ya Nuru, ambayo inatazama jani kwa kamera ya simu na kukwambia kama ni batobato au michirizi ya kahawia, bila intaneti, pale pale shambani. Zote hizo zinafanya kazi kwa chipu za kawaida za simu. Lakini zinatuonyesha tunachokihitaji: akili inayofanya kazi mahali shida ilipo, mbali na nguzo ya umeme.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niombe kipindi hiki. Chipu ya namna hii haizaliwi ikiwa inajua. Kidole cha mzee kilifundishwa na bahari hii kwa miaka. Chipu nayo lazima ifundishwe: huu ni mlipuko, hili ni wimbi linalopiga tumbo la ngalawa, hii ni injini ya mashua, huyu ni nyangumi anayepita msimu wa kusi, hawa ni wale kamba wadogo wa kwenye matumbawe wanaogonga gando zao usiku kucha. Ukiifundisha kwa sauti za pwani ya California, ukaileta Kunduchi, itaamka kwa ajili ya wimbi. Kila usiku. Baada ya wiki moja watu wa doria wataizima.

Kwa hiyo, wakati wenzetu wanashindana kutengeneza chipu, kuna kazi ambayo hakuna wa kutufanyia. Kukusanya sauti zetu, kuzipa majina na kuzitunza. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, makao yake yako hapa hapa Kunduchi, mwendo mfupi kutoka sokoni. Vijana wa teknolojia ya habari wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wako Kijitonyama, na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, wako pale pale jirani. Intel wanawaruhusu watafiti wa nje kuomba na kuzitumia chipu za Loihi kwa mbali, kupitia mtandao, bila kuzinunua. Mwanafunzi wa Kijitonyama anaweza kuomba. Natamani kusikia kwamba ameomba, na kwamba swali alilolipeleka ni la baruti ya Mbudya, kwa moyo ule ule wa yule kijana wa Cape Coast na mashine yake ya mahindi.

Wala tusidhani utengenezaji wenyewe ni wa watu wengine milele. Nyeri, Kenya, ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni, Semiconductor Technologies Limited, inayoshughulika na vijenzi hivi hivi vya silikoni. Na upande wa pili, Rubaya, Kivu ya Kaskazini, Kongo, watu wanaozungumza Kiswahili kama mimi na wewe wanachimba koltani kwa koleo na mikono, madini ambayo tantali yake inaingia kwenye vifaa vya elektroniki vya dunia nzima, na wanayachimba katikati ya vita. Hili linahitaji kipindi chake peke yake, na nitalirudia. Kwa leo nataka tu ujue kwamba mbio hizi zinakanyaga ardhi yetu tayari.

Iko hofu moja ninayoitaja kabla sijaondoka. Sikio dogo, la bei rahisi, lisilolala, ni zuri likiwa linasikiliza baruti. Likiwekwa barazani kwako bila wewe kujua, ni jambo jingine. Wavuvi wa Kunduchi wana haki ya kuambiwa boya ni la nani, linasikiliza nini, na ujumbe wake unakwenda kwa nani. Likitupwa majini kimya kimya, mtu atalikata kamba usiku wa kwanza, na mimi sitamlaumu.

Namalizia pale nilipoanzia. Nilimweleza mzee habari zote hizi, akanisikiliza huku akikunja mshipi. Nikamuuliza, "Baruti ikilipuka mbali, wewe unaitofautishaje na wimbi kubwa?"

Akaacha kukunja. Akavua kandambili, akakanyaga ubao wa ngalawa kwa unyayo mtupu. "Baruti huisikii kwanza kwa sikio," akasema. "Unaisikia hapa. Ubao unakugonga mara moja, mkavu. Wimbi linakunyanyua, baruti inakugonga. Sauti inakuja nyuma, na pengine haiji kabisa."

Nikamwomba twende naye na kinasa sauti. Hakukataa. Aliniambia nisije siku za bamvu, mkondo ni mkali na nitasumbua watu kwa kutapika. Nije maji mafu, bahari ikiwa imetulia, na nije pekupeku.

Maji mafu ni wiki ijayo. Usiku mwema, msikilizaji wangu.